Kutoka 12 MHz hadi 144: tunayodanganyana kuhusu harmoniki

Una kristali (kipande cha kwatzi kinachotetema kwa masafa thabiti) ya 12 MHz na unataka kufika 144 MHz, bendi ya mita 2 ya redio za ridhaa? Njia ya wazee bado inafanya kazi: zidisha kwa 3, kisha kwa 2, kisha kwa 2 tena, kila mara ukichukua harmoniki, yaani masafa yaliyo mara 2, mara 3 na kuendelea ya yale ya msingi. Hesabu ni ya darasa la tatu. Kinachotupotosha ni tunayoambizana juu yake.

Dhana: koili na kapasita ndizo zinazozaa masafa mapya.
Hazizai kitu. Wimbi safi la saini (sine) halina harmoniki hata moja, ulipitishe kwenye koili kumi ukitaka. Harmoniki huzaliwa wimbi linapoharibiwa umbo, kwa mfano na daiodi, au na transista ya daraja C inayopitisha mkondo kwa kipande kifupi tu cha mzunguko. Koili na kapasita huchagua tu kati ya zilizokwisha kuzaliwa.

Dhana: wimbi la mraba lina harmoniki zote.
Likiwa nusu juu, nusu chini, lina za witiri tu. Ya 3 ina theluthi ya kimo cha ile ya msingi, ya 5 humusi. Ukiitafuta ya 2 humo utakesha. Lifanye likae juu robo ya muda: ya 2 itajitokeza, ila ya 4 itatoweka.

Dhana: mshale wa mita ukipanda, umeshapata harmoniki unayoitaka.
Hapa nilipoteza jioni nzima. Koili ya mikrohenri 0.89 ikiwa na kapasita ya pF (pikofaradi) 22 huitikia 36 MHz, yaani 12 mara 3. Sawa. Lakini kwa pF 50 hivi huitikia 24, na kwa pF 12 huitikia 48. Kapasita ya kurekebisha ya pF 10 hadi 60 hupita vituo vyote vitatu ndani ya nusu duru, na mshale hupanda kwenye kila kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye 24, nimefurahi. Pima kwa kaunta ya masafa. Na bisibisi iwe ya plastiki. Ya chuma huhamisha kilele, ukiiondoa tu kimekukimbia.

Dhana: kristali haiyumbi, basi na 144 haitayumba.
Kwa uwiano, kweli. Kwa hezi, kosa la 100 kwenye 12 MHz linafika juu likiwa 1,200. Kelele ya fezi (mtikisiko mdogo wa wimbi) nayo huongezeka desibeli 6 kila unapozidisha kwa 2. Mwenye FM ndiye anayecheka: mchepuko (kuyumba kwa masafa kunakobeba sauti) wa 400 Hz alioupata kwa shida kwenye kristali unatoka ukiwa 4.8 kHz.