Emilio Fernández hakuishia kwenye sanamu ya Oscar

Kila nikifika kwenye somo la sinema ya Mexico, kabla sijaonyesha hata kipande kimoja, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, huyu Fernández si ndiye aliyevua nguo wakachonga sanamu ya tuzo ya Oscar kwa mfano wake?" Nimechoka nalo. Huyu ni mwongozaji aliyeipeleka sinema ya Mexico kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ikarudi na tuzo kuu, na watu wanamkumbuka kwa kifua chake.

Kisa husimuliwa hivi. Fernández alizaliwa Coahuila mwaka 1904, baba yake mwanajeshi wa mapinduzi, mama yake wa Wakickapoo, jamii ya wenyeji wa asili. Alijiunga na uasi wa Adolfo de la Huerta dhidi ya serikali ya Mexico, ukazimwa, akafungwa, akatoroka na kuvuka mpaka hadi Marekani. Hadi hapo sina ugomvi. Halafu ndipo chumvi inapoingia: eti alipokuwa Los Angeles, mwigizaji Dolores del Río akampeleka kwa mumewe, Cedric Gibbons, mkuu wa sanaa wa studio ya filamu ya MGM, aliyekuwa akitafuta mwili wa kuchora kwa ajili ya sanamu hiyo. Fernández akakataa, akabembelezwa, akakubali kusimama uchi.

Sasa tazama miaka. Gibbons aliibuni sanamu mwaka 1928, mchongaji George Stanley akaifinyanga, na tuzo za kwanza zikatolewa Mei 1929. Dolores del Río aliolewa na Gibbons mwaka 1930. Huyo "mumewe" hakuwa mumewe bado! Anayesema labda walijuana kabla ya ndoa, alete ushahidi, maana "labda" haiandikwi kwenye historia. Akademia yenyewe, inayotoa tuzo hizo, humtaja Gibbons kwa ubunifu na Stanley kwa uchongaji, basi. Itazame na sanamu: askari ameshika upanga, amesimama juu ya gurudumu la filamu lenye spoki tano, uso wake laini, hauna sura ya mtu yeyote. Utamtambua nani hapo? Ushauri wangu kwa kila mwanafunzi ni uleule: ukisimuliwa kisa kitamu cha Hollywood, anza na tarehe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Fernández na Dolores del Río walifanya kazi pamoja kweli, na habari yao ya kweli inakipita mbali kile kisa. Mwaka 1943 mama huyu alikuwa amerudi nyumbani kutoka Hollywood, anakaribia miaka 40, amezoeleka kwa magauni ya kifahari. Fernández akamvika shali ya kijijini, akampeleka kwenye mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, akamfanya muuza maua anayetengwa na wanakijiji wenzake. Ndiyo filamu ya María Candelaria. Mtu akiitazama hiyo, swali la sanamu halimjii tena.

Wengine husema filamu hiyo ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes ya siku hizi. Hapana. Palme d'Or ilianza mwaka 1955. Mwaka 1946 tuzo kuu iliitwa Grand Prix, na María Candelaria iliipata pamoja na filamu nyingine kumi.

Wapo pia wanaompa Fernández sifa zote peke yake, hata zile za mawingu mazito na anga pana. Macho hayo ni ya mpiga picha Gabriel Figueroa, ambaye naye alituzwa Cannes kwa kazi hiyohiyo. Maneno mengi ni ya mwandishi Mauricio Magdaleno. Waigizaji walikuwa Pedro Armendáriz na Dolores del Río, baadaye María Félix. Lilikuwa kundi, na bila kulijua kundi hilo huwezi kuzielewa filamu zake za Enamorada na Río Escondido.

Na vijana wanaomjua kama Jenerali Mapache wa filamu ya Kimarekani The Wild Bunch tu, wakidhani alikuwa mwigizaji wa kukodiwa kucheza majambazi: filamu hiyo ni ya 1969, ilipigwa Parras, kwenye jimbo lake la Coahuila, na kufikia hapo alikuwa ameongoza filamu kwa zaidi ya miaka 25.

Kuhusu uvumi kwamba alikuwa mkali, huo una mzizi. Mwaka 1976 alimuua mtu kwa risasi huko Coahuila, akahukumiwa, akafungwa. Sifundishi jambo hilo kama sifa ya kiume, na mwanafunzi akilisimulia kwa kicheko namkatisha. Alifariki Agosti 1986 jijini Mexico. Anayetaka kuanza kumtazama aanze na Enamorada, halafu Salón México, na asiangalie vipande vya dakika mbili kwenye simu.