Warfarini haiyeyushi damu

Mitaani warfarini inaitwa "dawa ya kuyeyusha damu", na hata kwenye dirisha la dawa utasikia mgonjwa akielezwa hivyohivyo. Ni dawa ya kuchelewesha damu kuganda. Hupewa mtu aliyewekewa vali ya chuma kwenye moyo, mwenye moyo unaopiga bila mpangilio, au aliyepata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu.

Neno linaloleta shida ni kuyeyusha. Samli huyeyuka, barafu huyeyuka: kilichokuwa kigumu kinageuka majimaji. Damu ya mgonjwa huyu haikuwa ngumu tangu mwanzo, wala haikuwa "nzito". Ichote kwa sindano kabla hajaanza dawa, kisha uichote tena baada ya mwezi: itatiririka vilevile. Iache sasa kwenye chupa ya kioo, ndipo utaona tofauti, kwa kuwa ya mara ya pili itachelewa kuganda. Kipimo cha INR hupima ucheleweshaji huo. Kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na vali ya chuma ya upande wa kushoto kati ya vyumba vya moyo huhitaji zaidi kidogo.

Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati yake, namba 2, 7, 9 na 10, hazikamiliki bila vitamini K. Warfarini huuzuia mwili kuirudisha vitamini K iliyokwisha kutumika ili itumike tena. Lakini protini zilizokwisha kutengenezwa zinaendelea kuzunguka, na ile namba 2 huchukua siku mbili hadi tatu kupungua nusu. Kwa hiyo mwenye bonge jipya anayeanzishiwa warfarini huchomwa pia sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda inayofanya kazi mara moja, kwa siku zisizopungua 5, mpaka INR ifike 2. Kidonge cha leo hakimlindi leo.

Dawa inayoyeyusha kweli ipo. Streptokinesi ni mojawapo: hutolewa hospitalini kwa mshipa, mgonjwa akiangaliwa muda wote, saa chache tu baada ya mshipa wa moyo kuziba. Warfarini hailigusi bonge lililokwisha kuganda. Inalizuia lisikue, na mwili wenyewe unalimeng'enya taratibu kwa wiki na miezi.

Jina lenyewe halina habari ya kuyeyusha. WARF ni herufi za mwanzo za taasisi ya utafiti ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na "arini" imetoka kwenye kumarini, kemikali iliyomo kwenye aina ya majani ya malisho. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe waliolishwa majani hayo yakiwa yameota ukungu walikatwa pembe na damu haikukoma mpaka wakafa. Maabara ya Karl Paul Link hapo Wisconsin ndiyo iliyoipata kemikali iliyosababisha hayo. Warfarini iliyotengenezwa baadaye iliuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Damu ya ng'ombe wale ilikuwa damu ya kawaida isiyoganda.

Anayeamini damu yake inayeyushwa huacha dawa akidhani "imeshakuwa nyepesi", na baada ya siku chache vali inaanza kugandiwa. Mwingine anaacha mchicha na kisamvu ghafla kwa kuogopa vitamini K, INR inapanda, fizi zinatoka damu. Mboga aendelee kula, ila kiasi kisibadilikebadilike wiki hadi wiki. Dawa nazo zinaingiliana: metronidazoli na septrini hupandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha.

Aspirini nayo hutiwa kwenye kapu hilohilo la "kuyeyusha". Hiyo huzuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha, zisishikane, haihusiani na vitamini K, na INR haiwezi kuipima. Kuiongeza juu ya warfarini bila daktari kujua ni kujitafutia kutokwa damu tumboni.

Basi ukiulizwa unatumia dawa gani, sema "ya kuzuia damu kuganda, warfarini", kisha taja INR yako ya mwisho na tarehe uliyopimwa.