Mgonjwa wa figo achanjwe lini?

Wengi bado huamini kwamba mgonjwa wa figo ni dhaifu mno kuchanjwa, heri asubiri mpaka apandikizwe. Ukweli ni kinyume. Baada ya kupandikizwa atameza kila siku dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, na kinga iliyoshushwa huitikia chanjo kwa unyonge. Tena zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama za surua na tetekuwanga, kwa kawaida hazitolewi tena. Hutakiwa zitangulie upasuaji kwa angalau wiki 4.

Inayonitia wasiwasi zaidi ni ya homa ya ini aina ya B. Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji dozi kubwa kuliko kawaida, kisha apimwe damu kuhakikisha kinga imejengeka. Hilo huchukua miezi.