Ukisimama kwenye mkutano wa mtaa, hoja yako inakwenda wapi?

Nilianza kazi nikiwa Mtendaji wa Mtaa upande wa Ziwa Victoria, Ilemela mkoani Mwanza, baadaye nikawa Mtendaji wa Kata. Wengi wakisikia neno uwakilishi wanamwona mbunge na gari la matangazo. Mimi naliona kaunta buku, lile daftari gumu nililoandikia mihtasari miaka yote hiyo.

Mkutano mmoja wa wakazi tuliufanyia chini ya mwembe, mita chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Mama mmoja muanika dagaa alisimama, akaja mpaka mezani, akafungua kitambaa na kumwaga dagaa mbele yangu. Walikuwa wamegeuka rangi, wamejaa mchanga. Akasema: "Mtendaji mwanangu, giza hili lote la mwezi, ndipo dagaa wanapovuliwa, tumeanika chini, mvua ikatupiga. Hawa sasa ni wa kuku. Tunataka vichanja vya kuanikia juu." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akajibu kwamba limepokelewa. Nami nikaandika: "Wakazi walijadili hali ya mwalo."

Hoja ilifia kwenye sentensi hiyo, na aliyeiandika ni mimi.

Muhtasari wa mtaa ndio unaobebwa kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu. Pale kila mwenyekiti wa mtaa anavutia kwake, vipaumbele vinachujwa, vichache vinapanda halmashauri. Huko vinapita kwa wataalamu na kwenye kamati za kudumu, ndipo Baraza la Madiwani lipitishe bajeti. Bunge linakaa kwenye bajeti ya nchi kuanzia Aprili hadi Juni, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Maana yake, jambo unalotaka lifanyike mwakani lazima liwe limeandikwa kwenye mtaa mwishoni mwa mwaka huu. Ukilileta Machi, hata diwani awe ndugu yako, fungu limeshagawanywa. Na "hali ya mwalo" haina idadi wala mahali. Hakuna mchumi wa halmashauri anayeweza kuiwekea shilingi.

Jambo la pili linalowaumiza wakazi ni kupeleka shida kwa mtu asiyeishika. Nimeona watu wakimfuata balozi wa nyumba kumi kuomba barua ya utambulisho, ilhali balozi ni kiongozi wa chama, na barua inatoka ofisi ya mtaa. Hilo ni dogo. Barabara ndiyo inayovuruga zaidi. Tangu TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, ianzishwe mwaka 2017, barabara za mitaani na vijijini zimetoka mikononi mwa halmashauri. Maji ya mjini yako MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, na ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Wananchi bado wanamshika diwani koti kuhusu kalavati lililoziba kule mlimani kwenye mawe, naye anaahidi kwa sababu bila ahadi hachaguliwi. Anachoweza kwa kweli ni kumbana meneja wa mamlaka hiyo kwenye vikao na kumfuatilia. Sisemi kwamba mamlaka hizi hazina faida. Wahandisi wao wanajua kazi. Lakini mkazi wa Mabatini au Kishili hakumpigia meneja kura, wala hawezi kumwondoa. Uwakilishi umerefuka kwa hatua moja, na hakuna aliyekwenda kumweleza.

Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani la jimboni kwake. Anaongoza kamati ya Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na huko ndiko yanakotoka mabati na saruji za kumalizia maboma ya madarasa. Watu wengi wanampima kwa hayo. Mimi namsikiliza zaidi anaposimama bungeni, kwa kuwa yapo mambo ambayo hakuna mtu mwingine wa kuyasemea, na kwa watu wa ziwani kubwa kati ya hayo ni usafiri wa majini.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kutia nanga kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa ni 228. Kivuko kilikuwa cha serikali kuu, chini ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko. Mwenyekiti wa kijiji aliyesimama gatini akiona watu wanazidi hakuwa na mamlaka ya kumwambia nahodha asubiri. Jambo hili halijanitoka moyoni mpaka leo. Watu wa visiwani wanakijua chombo chao kuliko mtu yeyote wa Dodoma: wanajua siku ya gulio kinavyojaa, wanajua injini inavyolia. Ujuzi huo ungepaswa kuwa na kiti kwenye uendeshaji wa kivuko, kama wavuvi walivyo na BMU, vikundi vyao vya kusimamia uvuvi, kwenye mialo, ambako wanachagua viongozi wao wenyewe na kukaa na maofisa wa uvuvi.

Serikali kuu hiyohiyo ndiyo iliyotujengea daraja la Kigongo–Busisi, takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Halmashauri za Misungwi na Sengerema zingekusanya ushuru vizazi vitatu zisilifikie. Leo mgonjwa kutoka Sengerema anavuka kwa dakika chache bila kungoja kivuko. Ila waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga, mahindi na maji kwenye foleni ya magari wamebaki na meza zisizo na wateja. Shida yao ni ndogo mno kwa Bunge. Ni ya mkutano wa kijiji na diwani, na wasipoisema huko haitasemwa popote.

Ndiyo maana uchaguzi wa ngazi ya chini unaniuma kuliko ule mkubwa. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na wenyeviti wengi wakapita bila kupingwa. Mwaka 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Mgombea binafsi sheria haimruhusu. Nimefanya kazi na wenyeviti wazuri wa chama tawala, wanaoamka saa kumi usiku kusuluhisha ugomvi wa mpaka. Hata hivyo, nilichokiona ofisini ni kwamba mwenyekiti ambaye hakushindanishwa na mtu haoni haraka ya kuitisha mkutano kwa wakati wake, na mapato na matumizi hayabandikwi ubaoni. Mkutano usipokaa hakuna muhtasari, na kata inajipangia yenyewe.

Yule mama alirudi mwaka uliofuata, Oktoba. Safari hii hakuja na dagaa. Alikuja na wenzake sita na karatasi ya daftari la shule, imeandikwa na mjukuu: vichanja ishirini, urefu wake, mbao na nyavu zinazohitajika, na sehemu ya mwalo ambayo BMU walikubali vijengwe. Akasema yote kwa sauti, mwenyekiti akasema limepokelewa. Mama hakuketi.

"Mtendaji, nisomee ulichoandika."

Nikasoma. Akanisahihisha idadi ya mbao, nikafuta, nikaandika upya, nikasoma tena. Ndipo akaketi. Bajeti ilipopita vilibaki vichanja kumi na viwili, na diwani alipokuja kuvikabidhi, mama alivihesabu kimoja kimoja kwa kuvigusa, kisha akamuuliza vinane vimeandikwa ukurasa gani.