Violeti ya Usambara: soma lebo kabla ya ua

Ukifungua kabati la hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, usitarajie kuona zambarau. Violeti ya Usambara iliyobandikwa kwenye karatasi nene ya sentimita 42 kwa 28 hivi ni majani ya kahawia yaliyosinyaa, na petali zake nyepesi mno mara nyingi zimeshadondoka na kutiwa kwenye kibahasha pembeni. Wageni huuliza: hili ndilo ua linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima? Ndilo.

Utamu uko chini kulia, kwenye lebo. Hapo kuna mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake, pamoja na alichokiona: mwamba wenye kivuli, kando ya kijito, maua ya zambarau. Rangi huandikwa palepale msituni, kwa sababu mmea ukishakauka rangi nayo imekwenda. Sampuli nzuri isiyo na lebo, kwangu mimi, ni pambo tu.

Kukausha nako kuna kazi. Majani haya yamejaa maji na yana manyoya, kwa hiyo magazeti yanayoyabana hubadilishwa kila siku. Niliwahi kuchelewa siku mbili wakati wa masika. Nilichokuta ni ukungu.

Sampuli pungufu inaweza hata kumnyima mtu sifa. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka mmea huu Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, mwaka 1884, na mmisionari W. E. Taylor akapeleka wake mwaka 1887. Vilivyofika havikutosha kuuelezea kisayansi, ukabaki bila jina. Baadaye Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huku Usambara, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Tangu 2015 wataalamu wameuingiza katika jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, ya Streptocarpus. Jina likibadilika hatufuti la zamani. Tunabandika kijikaratasi kipya kando yake, ndiyo maana sampuli moja huweza kuwa na majina matatu.

Taasisi ya utafiti ya Amani, hukuhuku Usambara, ilianzishwa mwaka 1902, na mkusanyiko wake wa mimea ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa kuwa wataalamu waliishi Amani, sampuli nyingi zimetoka njia walizozoea kupita. Kwa hiyo ramani ya vitone, yenye kitone kila mahali sampuli ilipochukuliwa, inaonyesha miguu ya wakusanyaji kama inavyoonyesha mmea wenyewe. Mlima usio na kitone huenda haujapandwa na mtu mwenye magazeti begani.

Mkusanyaji makini pia hukata vipande kadhaa vya mmea na kuvigawa kwenye hebaria tofauti. Hebaria ya Berlin iliungua kwa mabomu Machi 1943, na sampuli nyingi za Afrika Mashariki zikateketea. Zilizokuwa na nakala kwingine ndizo tunazozitumia leo.

Lebo za zamani ziliweza kuandika “Usambara” tu, na kutafuta kijito chenyewe ni kazi ya siku nyingi. Siku hizi GPS inatuonyesha hadi mwamba. Tukiweka kumbukumbu hizo mtandaoni, tarakimu za mwisho za vipimo vya mahali tunazificha: violeti zote za mwamba mmoja zinaingia kwenye begi la mgongoni la mwizi.