Metallica na nyimbo za wenzao: dhana potofu na ukweli wake

Wakutanishe mashabiki watano wa Metallica, bendi ya Marekani ya muziki wa metali, na muda si mrefu watakuwa wanabishana kuhusu kava, yaani zile nyimbo za bendi nyingine ambazo Metallica wamekuwa wakizirudia tangu siku ya kwanza walipopanda jukwaani. Mmoja atasema zinawashushia hadhi. Mwingine ataapa kwamba hawajawahi kupiga kitu kizuri zaidi. Mimi ni wa upande huo wa pili, na ubishi huu nimeusikia mara nyingi kiasi cha kujua watu huteleza wapi.

"Bendi ikianza kupiga nyimbo za watu, ujue imeishiwa"

Kauli hii ilishika kasi Novemba 1998, ilipotoka albamu ya Garage Inc., yenye diski mbili za kava tupu. Wakati huo mashabiki wengi wa zamani walikuwa bado na kinyongo na albamu za Load ya 1996 na Reload ya 1997, hivyo ilikuwa rahisi kusema kwamba jamaa wamekauka. Lakini tuhesabu. Load ina nyimbo 14, Reload ina 13. Hizo ni nyimbo mpya 27 katika miaka miwili. Mtu aliyeishiwa hatungi nyimbo 27.

Isitoshe, wanaosema hivyo wanaanzia mwisho wa hadithi. Shoo ya kwanza kabisa ya Metallica ilikuwa tarehe 14 Machi 1982, katika ukumbi wa Radio City mjini Anaheim, California. Walipiga nyimbo tisa, na mbili tu ndizo zilikuwa zao. Saba zilizobaki zilikuwa za Diamond Head, Blitzkrieg, Savage na Sweet Savage, vijana wa Uingereza na Ireland ya Kaskazini ambao Wamarekani wengi walikuwa hawajawasikia. Miezi michache kabla ya hapo, katika kiangazi cha 1981, Lars Ulrich, mpiga ngoma, kijana wa Denmark mwenye umri wa miaka 17, alikuwa amesafiri hadi Uingereza kuwaona Diamond Head jukwaani, na baada ya shoo akabaki kwa wiki kadhaa majumbani mwa wanabendi wenyewe. Aliporudi California ndipo yeye na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, wakaunda bendi. Kava ndiyo ilikuwa shule yao.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosema "wameishiwa" hawalitaji. Tarehe 27 Septemba 1986 basi la bendi lilipinduka nchini Sweden na mpiga besi wao, Cliff Burton, akafariki. Rekodi ya kwanza waliyotoa baada ya msiba huo, wakiwa na Jason Newsted kwenye besi, ilikuwa EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, ya kava tano ya mwaka 1987, ambayo bei yake, dola 5.98, iliandikwa ndani ya jina lenyewe ili wauzaji wasimlangue mnunuzi. Wimbo wa mwisho unaunganisha vibao viwili vya Misfits, bendi ya panki ambayo Cliff aliipenda hadi akachora alama yake mkononi. Sikiliza sekunde za mwisho kabisa. Wimbo ukiisha wanaingiza kipande cha Run to the Hills ya Iron Maiden, makusudi kikiwa nje ya sauti, gitaa likipinda kama kaseti iliyoachwa juani. Hapakuwa na mwaka umepita tangu wamzike mwenzao. Kila nikifika pale nasikia vijana waliofiwa wanaojifunza upya kucheka pamoja, na sioni ni wapi pengine wangejifunzia isipokuwa kwenye nyimbo walizozipenda kabla ya umaarufu.

"Walichukua nyimbo za watu wakatajirika, wenye nyimbo hawakupata kitu"

Hili ndilo zito kuliko yote, na lina chembe ya ukweli ambayo sitaificha. Mwaka 1982 Metallica hawakuwa na desturi ya kutangaza jukwaani kwamba wimbo fulani si wao, na wasikilizaji waliondoka wakiamini vyote ni vyao. Kisha, toleo la 1988 la albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All, likaongezewa nyimbo mbili mwishoni: Am I Evil? ya Diamond Head, na Blitzkrieg ya bendi yenye jina hilohilo. Mwaka 1984 nyimbo hizo zilikuwa zimetoka upande wa pili wa santuri ya wimbo wao Creeping Death, chini ya kichwa kinachosema wazi kwamba ni za gereji, lakini sasa zilikaa kwenye albamu kana kwamba zilizaliwa humo. Watu wengi walizifahamu kwa njia hiyo, mimi nikiwemo, na kwa miaka niliamini Am I Evil? ni ya Hetfield. Matoleo ya baadaye yaliziondoa, lakini dhana ilikuwa imeshajengeka.

Ila kutojulikana kwa msikilizaji ni jambo moja, na kutolipwa ni jambo jingine kabisa. Wimbo una haki za aina mbili: ya utunzi, yaani melodi na maneno, na ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Anayepiga kava anatengeneza rekodi yake mwenyewe, lakini utunzi unabaki kuwa wa mtunzi, na kila nakala inayouzwa inamdai mrabaha, yaani malipo ya mtunzi. Nchini Marekani utaratibu huu uko kwenye sheria tangu 1909: wimbo ukishatolewa kwa umma, yeyote anaweza kuurekodi upya bila kupiga magoti kuomba ruhusa, mradi alipe kiwango kilichowekwa na asiharibu kiini cha melodi. Kuanzia 2006 hadi 2022 kiwango kilikuwa senti 9.1 kwa kila nakala, na 2023 kikapanda hadi senti 12. Katika kipindi cha senti 9.1, wimbo unaozidi dakika tano ulilipiwa kwa dakika, senti 1.75 kila moja. Am I Evil? ya Metallica inakaribia dakika nane, hivyo kwa kiwango hicho ni senti 14. Zidisha kwa nakala milioni moja upate dola 140,000 kwa upande wa utunzi, kwa wimbo mmoja, fedha ambazo watunzi na wachapishaji wao hugawana.

Sasa tazama Diamond Head walipigwa mara ngapi. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1980 ina nyimbo saba. Metallica wamerekodi nne kati ya hizo: Am I Evil?, Helpless, The Prince na It's Electric, na zote nne zimo kwenye Garage Inc. Brian Tatler, mpiga gitaa wa Diamond Head aliyezitunga pamoja na mwimbaji Sean Harris, amesema hadharani kwamba mirabaha hiyo ilimwezesha kuendelea kuishi kwa muziki. Bendi yake haikutoboa kama ilivyotabiriwa, ila gitaa hakulitundika.

Ukitaka kujua kilichokopwa na kilichoongezwa, vaa spika za masikioni usikilize matoleo mawili ya Am I Evil? moja baada ya jingine. Ya Diamond Head inaingia kwa mdundo wa kijeshi unaokumbusha Mars ya Gustav Holst, kisha gitaa linatiririka, nyuzi zikiachwa zipumue. Ya Metallica ina ramani ileile, lakini Hetfield anaegesha kiganja cha mkono wa kulia juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, kila noti inakatwa kabla haijatawanyika, na kitu kilichokuwa kinatiririka sasa kinagonga kama nyundo. Solo wameifuata kwa heshima. Mimi bado napenda uimbaji wa Harris kuliko wa Hetfield pale, na sioni aibu kusema hivyo.

"Ni wanafiki: walipiga nyimbo za watu bure, halafu wakaishtaki Napster"

Napster ilikuwa huduma ya mtandaoni ya kugawana faili za muziki bila malipo. Bure hawakupiga, tumeshaona. Kesi ya Aprili 2000 ilianza baada ya wimbo wao I Disappear kuvuja kabla haujatoka, wakagundua pia kwamba nyimbo zao zote zinagawanywa humo. Mtu aliyenakili faili kupitia Napster hakumlipa mtunzi hata senti, na hiyo ndiyo tofauti yake na kava. Hata watunzi wa zile kava walikuwa hawapati kitu humo.

Hata hivyo kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Jina la Metallica lilisambaa kwanza kwa kaseti ya majaribio ya 1982, No Life 'Til Leather, ambayo mashabiki waliinakili na kutumiana kwa posta. Bendi iliyobebwa na kaseti za kunakili ilipopeleka orodha ya watumiaji zaidi ya 300,000 wa Napster ili wafungiwe, wengine wetu tuliumia. Kisheria walikuwa na haki, ila maumivu yale yalikuwa ya kweli.

"Whiskey in the Jar ni ya Metallica." "Hapana, ni ya Thin Lizzy!"

Wote wamekosea. Ni wimbo wa jadi wa Ireland, wa jambazi wa barabarani anayesalitiwa na mpenzi wake, ulioimbwa vizazi vingi kabla ya gitaa la umeme. Thin Lizzy waliupa sura ya roki mwaka 1972, na Metallica waliifuata sura hiyo, pamoja na kile kipande cha gitaa cha Eric Bell ambacho kila mtu hukipigia mluzi.

"Kava haiwezi kuwa kazi ya heshima"

Stone Cold Crazy ya Queen iliwapa Metallica tuzo ya Grammy mwaka 1991, na Whiskey in the Jar ikawapa nyingine mwaka 2000. Najua wengi hawaziamini tuzo, na sitategemea hizo.

Nitategemea Motörhead. Desemba 1995 Lemmy, mwimbaji na mpiga besi wa bendi hiyo ya Uingereza, alikuwa anatimiza miaka 50, na Metallica wakapanda jukwaani katika klabu ya Whisky a Go Go, Los Angeles, kwa jina la The Lemmys, wamevaa mawigi ili wafanane naye, wakipiga nyimbo zake tu. Nyimbo nne za Motörhead walizorekodi kipindi hicho ndizo zinazofunga diski ya pili ya Garage Inc. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2005 Motörhead, bendi iliyoanza 1975, ilipata Grammy yake ya kwanza na ya pekee. Wimbo ulioipa ni Whiplash, kibao cha Kill 'Em All, kilichotungwa na vijana waliojifunza kukimbiza gitaa kwa kumsikiliza Lemmy.

"Urithi wao ni Albamu Nyeusi, hizo kava ni pembeni"

Albamu ya 1991 iliuza mamilioni na sitaibeza. Ila tarehe 22 Juni 2010, mjini Sofia, Bulgaria, Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax walikuwa kwenye tamasha moja lililorushwa hadi kwenye kumbi za sinema. Mwishoni Metallica waliwaita wenzao wapige wimbo mmoja pamoja. Wakaja Anthrax, wakaja Megadeth, na kutoka Slayer akaja mpiga ngoma Dave Lombardo. Dave Mustaine wa Megadeth, ambaye Metallica walimfukuza 1983 na ambaye kwa miaka mingi alizungumza juu ya jeraha hilo, alikumbatiana na Hetfield mbele ya umati. Wangeweza kuchagua wimbo wowote katika hazina ya bendi nne. Walipiga Am I Evil?, ambao Mustaine aliupiga nao jioni ile ya Anaheim, wimbo wa vijana wa Stourbridge ambao mwaka 1980 waliuza santuri yao katika jalada jeupe lisilo na hata jina la albamu.