Mizani ya nyeupe: kwa nini kisutu hutoka njano kwenye simu

Kisutu ni kanga yenye weupe, wekundu na weusi. Kitandike juu ya meza ya duka Darajani wakati wa usiku, chini ya glopu, kisha ukipige picha kwa simu: mara nyingi weupe wake utatoka na umanjano, na wekundu utaelekea rangi ya chungwa. Mteja aliyeko Chake Chake akiipokea picha hiyo kwenye WhatsApp atauliza kama kanga imekaa dukani muda mrefu. Kanga ni mpya, ila picha imekosa mizani ya nyeupe. Mizani hiyo ni urekebishaji wa rangi zote za picha kwa pamoja, ili kitu kilicho cheupe mbele ya macho kionekane cheupe na kwenye kioo cha simu, na rangi nyingine zikae mahali pake.

Asili ya tatizo ni kwamba mwanga wenyewe una rangi. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini. Mwali wa mshumaa uko karibu na 1,900, glopu ya manjano karibu na 2,700, jua la mchana karibu na 5,500, na kivuli cha nje kinachoangazwa na mbingu tupu hufika 7,000 au zaidi. Namba ikiwa ndogo, mwanga una wekundu na umanjano. Ikiwa kubwa, una ubuluu. Sisi hatuoni tofauti hiyo kwa sababu ubongo huirekebisha kimyakimya, ndiyo maana kanzu ni nyeupe msikitini na nyeupe barabarani. Kamera haina ubongo huo. Inabidi ikisie.

Na simu hukisia kila unapopiga, hata kama hujagusa kitu. Njia mojawapo ya zamani ya kukisia ni kudhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa zitatoa kijivu. Dhana hiyo hufaa mtaani, penye watu, kuta na magari. Kwenye jamvi la karafuu zilizoanikwa Wete, zimejaa picha nzima, haifai: simu huona wekundu na uhudhurungi kila upande, ikadhani mwanga ndio mwekundu, ikaupunguza, na karafuu zikatoka za kijivu kama zimenyeshewa. Bahari ya Jambiani huleta kosa la upande wa pili, kwani ubuluu wake ukijaa picha, mchanga huweza kupakwa njano usiokuwa nayo. Siku hizi simu hutumia hesabu za kisasa zaidi, lakini bado hudanganyika. Chini ya turubai la buluu la harusini mwanga wenyewe umechujwa na turubai, na nyuso za wageni hutoka kama za watu walioshikwa na baridi.

Ndipo zinapoingia programu za kuhariri. Snapseed, Lightroom ya simu na nyingine nyingi zina sehemu ya kazi hii, aghalabu imeandikwa White Balance au WB, na ndani yake mna mistari miwili ya kuvuta. Mmoja huenda kutoka buluu hadi njano, mwingine kutoka kijani hadi zambarau ya waridi. Wa kwanza ndio wenye kazi kubwa. Wa pili utauhitaji kwa tyubulaiti, ambazo baadhi yake humwaga ukijani, au kwa picha iliyopigwa chini ya mwembe, mwanga ukiwa umepita kwenye majani.

Lightroom huwakanganya watu hapa. Ukiwa na picha ghafi (RAW), yaani ile ambayo simu haijaitengeneza rangi zake, ukiongeza namba ya kelvini picha huzidi umanjano, ilhali tumesema kelvini kubwa ni mwanga wa buluu. Namba ile ni maelezo ya mwanga uliokuwepo. Ukiiambia programu mwanga ulikuwa wa 8,000, itatia njano ili kuufuta ubuluu huo.

Badala ya kuvuta kwa kukisia, gusa alama ya kijibomba cha matone, halafu gusa mahali unapojua ni peupe au kijivu. Kwenye kisutu mahali hapo papo wazi. Kila nukta ya picha ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255, na weupe au kijivu safi ni pale zinapolingana. Tuseme weupe wa kisutu umetoka 235, 205 na 150: programu itazisawazisha hizo tatu, kisha itapitisha hesabu hiyo hiyo kwenye picha yote. Usiguse sehemu iliyochomwa na mwanga hadi ikafika 255 zote, kwani hapo rangi imeshapotea. Wala usiguse ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe ukidhani ni mweupe. Chokaa kuukuu ina umanjano wake wa haki.

Hesabu hii ina mipaka. Picha ya kawaida ya JPEG tayari imeokwa na rangi zake, ukiivuta sana vivuli vitajaa chembechembe. Picha ghafi huvumilia zaidi, kwa gharama ya nafasi kwenye simu. Mwanga wa aina mbili ni mtihani mkubwa zaidi: nusu ya kanga inapata jua la mlangoni, nusu glopu, na ukitengeneza huku unaharibu kule. Brashi ya Snapseed inaweza kubadili sehemu moja tu, lakini kuzima taa na kuisogeza kanga mlangoni ni haraka zaidi.

Si kila picha ya manjano inataka dawa, lakini. Forodhani usiku, moshi wa mishikaki ukipita mbele ya taa, ikisafishwa hadi weupe wa hospitali haitakuwa Forodhani tena. Machweo ya Nungwi pia yaacheni. Kwa muuza kanga ni jambo jingine, rangi ndiyo bidhaa.

Kabla hajagusa chochote, azime kwanza ile hali ya simu ya kulinda macho usiku. Hutia kioo umanjano, naye ataishia kuifanya picha nzuri iwe ya buluu.